Papanicolaou: Daktari aliyelifunza jicho kuitambua saratani kabla ya maumivu

KILA mwaka, maelfu ya wanawake nchini Kenya hulala juu ya kitanda cha kliniki kwa dakika chache tu. Muuguzi huchukua ute kidogo kutoka kwenye mlango wa uzazi, akaupaka juu ya kioo chembamba na kuupeleka maabara. Wengi wa wanawake hao wanakijua kipimo hicho kwa jina la Pap, lakini ni wachache wanaofahamu kwamba herufi hizo tatu ni kipande cha jina la mtu.

Mtu huyo ni Georgios Papanicolaou, daktari aliyezaliwa Ugiriki na kuimaliza karibu kazi yake yote jijini New York, Marekani. Alifariki mnamo 1962. Mchango wake haukuwa dawa wala upasuaji mpya. Alichokiacha ni ujuzi wa kutazama: namna ya kuzisoma seli chache zilizobanduka mwilini na kujua kama saratani imeanza kujijenga, miaka mingi kabla ya mgonjwa kuhisi lolote.

Maisha yake yanastahili kusimuliwa upya wakati huu ambapo wanafunzi wa uzamili katika vyuo vikuu vingi wanajifunza kuzitia picha za seli kwenye tarakilishi na kuifunza mashine izisome. Swali linalowakabili wanafunzi hao ndilo lililomkabili Papanicolaou: jicho hujifunza vipi kuona, na iwapo macho yaliyofunzwa ni machache, nani atawatazamia wanawake walio wengi?

Papanicolaou alizaliwa Mei 13, 1883 katika mji wa Kymi, kisiwani Euboea. Babake, Nikolaos, alikuwa daktari aliyeheshimika na aliwahi kuwa meya wa mji huo. Kijana alipenda muziki na alijifunza kupiga fidla, lakini mzee alitaka mwanawe afuate nyayo zake. Akiwa na umri wa miaka 15 alijiunga na Chuo Kikuu cha Athens, na mnamo 1904 akahitimu udaktari akiwa na miaka 21.

Baada ya kulitumikia jeshi alirejea Kymi kufanya kazi pamoja na babake. Huko aliwahudumia wagonjwa wa ukoma waliotengwa na jamii. Njia ya maisha ilikuwa imenyooka mbele yake: angerithi wagonjwa wa babake, angeoa, angeheshimiwa mjini. Hata hivyo, moyo wake ulikuwa kwingine. Alitaka kujua asili ya uhai wenyewe, na elimu hiyo haikuwepo Kymi.

Mnamo 1907 alifunga safari kwenda Ujerumani, nchi iliyoongoza wakati huo katika sayansi ya viumbe. Alisoma Jena, kisha Freiburg, na hatimaye Munich, ambako alipata shahada ya uzamifu mnamo 1910. Utafiti wake ulihusu viumbe wadogo wa majini waitwao dafnia, na jinsi wanavyokuja kuwa wa kiume au wa kike.

Kwa mtu wa kawaida, somo hilo lingeonekana halina faida yoyote kwa binadamu. Lakini miaka hiyo ya masomo ya juu ndiyo iliyomgeuza daktari wa mji mdogo kuwa mtafiti. Alijifunza kukaa mbele ya hadubini saa baada ya saa, kuchora alichokiona, kulinganisha cha leo na cha jana, na kutotoa hukumu kabla ya wakati. Bila mazoea hayo, lililofuata lisingewezekana.

Mwaka huo huo wa 1910 alimwoa Andromachi Mavrogeni, binti wa afisa wa jeshi, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Mary. Wawili hao walikwenda Monaco, ambako Papanicolaou alipata kazi katika taasisi ya utafiti wa bahari. Kisha Vita vya Balkan vilizuka mnamo 1912, naye akaitwa kurudi jeshini kama daktari. Ni huko vitani alikokutana na Wagiriki waliotoka Marekani kuja kuipigania nchi yao, na habari walizompa kuhusu fursa za ng'ambo zilimwingia akilini.

Mnamo Oktoba 1913, Papanicolaou na mkewe waliteremka melini New York. Walikuwa na takriban dola 250, kiasi kilichohitajika ili waruhusiwe kuingia nchini. Hawakuijua lugha ya Kiingereza, na hawakuwa na kazi iliyowasubiri.

Mwenye shahada ya uzamifu kutoka Munich alianza kuuza mazulia katika duka kubwa la Gimbels, kazi aliyoiacha baada ya siku moja tu. Mary alishona vifungo katika duka hilo hilo kwa ujira mdogo. Mumewe alipiga fidla mikahawani na kufanya kazi ya ukarani katika gazeti la Wagiriki wa jiji hilo. Wengi waliohama kwao wakiwa na vyeti vizuri mkobani wanaijua hali hiyo vyema.

Mlango ulifunguka mnamo 1914. Mwanasayansi Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa ameusoma utafiti wake kuhusu dafnia, alimsaidia kupata nafasi katika maabara ya Hospitali ya New York. Muda mfupi baadaye alihamia idara ya anatomia ya Chuo cha Tiba cha Cornell, chini ya Profesa Charles Stockard. Mary naye aliajiriwa hapo kama fundi wa maabara. Wangefanya kazi pamoja Cornell kwa miaka 47 hivi.

Kazi yake ya kwanza ilihusu simbilisi, wale wanyama wadogo wafananao na sungura wasio na mkia ambao hutumiwa sana maabarani. Alihitaji mayai ya uzazi yaliyo katika hatua maalumu ya kupevuka. Lakini hakukuwa na njia ya kujua ni siku gani mnyama amefikia hatua hiyo. Iliwalazimu watafiti kumchinja, na mara nyingi wakakuta wamewahi au wamechelewa.

Papanicolaou aliwaza kwamba, ikiwa wanawake na baadhi ya wanyama hutokwa na damu ya hedhi, basi hata simbilisi huenda akawa na dalili fulani, ila ndogo mno kuonekana kwa macho. Alitwaa kifaa kidogo ambacho madaktari hukitumia kupanulia pua, akakitumia kuchukua ute kutoka ukeni mwa simbilisi kila siku, akaupaka juu ya kioo na kuutazama kwa hadubini.

Alichokiona kilimshangaza. Damu haikuwepo, lakini seli zilikuwa tele, na zilibadilika siku hadi siku kwa mpangilio uliojirudia kila baada ya siku 15 au 16. Bila kumchinja mnyama, aliweza sasa kusema yuko katika hatua gani. Matokeo hayo, aliyoyaandika pamoja na Stockard, yalichapishwa mnamo 1917 na kuwafaa sana watafiti wa homoni za uzazi.

Swali lililofuata lilikuwa la kawaida kwa mtu wa aina yake: je, kwa binadamu mambo huwaje? Jibu lilihitaji mtu ambaye angekubali kutoa sampuli kila siku, mwezi baada ya mwezi, bila kuchoka wala kuona haya. Mtu huyo alikuwa Mary. Kwa takriban miaka 20, mke huyo alikuwa fundi wa maabara mchana na mtu wa kufanyiwa utafiti kila siku. Wawili hao hawakujaliwa mtoto, na Mary aliyatoa maisha yake yote kwa kazi ya mumewe.

Ni vigumu kukisia uzito wa sadaka hiyo. Kabla ya kuitambua seli mgonjwa, ni sharti kwanza uijue seli nzima katika hali zake zote: kabla ya hedhi, baada ya hedhi, katikati ya mwezi, ujanani na umri ukisonga. Elimu hiyo ya afya ndiyo Papanicolaou aliyoipata kutoka kwa Mary. Vitabu vingi vinamtaja mume peke yake, lakini msingi wa nyumba uliwekwa na wawili.

Kufikia mwaka wa 1925 utafiti ulipanuliwa kwa wanawake wengine, wakiwemo wafanyakazi wa hospitali na wagonjwa. Katika kuzitazama sampuli hizo, Papanicolaou alikutana na seli za sura asiyoizoea. Viini vyake vilikuwa vikubwa kupita kiasi, vyenye giza, tena vya maumbo yasiyolingana. Mwenye seli hizo alikuwa na saratani ya mlango wa uzazi. Papanicolaou alitambua mara moja kwamba ameona jambo kubwa.

Mnamo Januari 1928 aliyawasilisha matokeo yake katika mkutano uliofanyika Battle Creek, jimbo la Michigan. Hayakupokewa kwa shangwe. Wanapatholojia wa wakati huo walikuwa wamezoea kukata kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe na kukichunguza. Waliuliza kuna haja gani ya kutafuta seli moja moja katika ute, ilhali nyama yenyewe inaweza kukatwa na kuonekana wazi.

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki, ila ilisahau jambo moja. Nyama hukatwa pale tu ambapo daktari ameshaona uvimbe au mgonjwa ameshalalamika. Saratani ya mlango wa uzazi kwa kawaida huchukua miaka mingi kukomaa, na katika miaka hiyo haina maumivu. Ukisubiri uvimbe, umesubiri mno. Kipimo cha ute kilikuwa na uwezo wa kumwendea mwanamke anayejiona mzima.

Haki inadai kutaja kwamba Papanicolaou hakuwa peke yake. Nchini Romania, daktari Aurel Babeș alikuwa amebuni njia yake mwenyewe ya kuzitambua seli za saratani hiyo, na aliiwasilisha jijini Bucharest mnamo 1927. Wawili hao walifanya kazi bila kujuana, na mbinu zao zilitofautiana. Baadhi ya wanahistoria wa tiba hadi sasa hubishana kuhusu nani apewe sifa ya kwanza. Lakini ni kazi ya Papanicolaou iliyokuja kuenezwa duniani.

Hata hivyo, haikuenezwa mara moja. Baada ya kupuuzwa, alirudi kwenye utafiti wake wa homoni, na kwa takriban miaka 10 suala la saratani lilikaa kando. Mambo yalibadilika mnamo 1939, idara yake ilipopata mkuu mpya, Joseph Hinsey, aliyemhimiza alirudie. Alishirikiana na Herbert Traut, daktari wa magonjwa ya wanawake, na wakapanga kwamba wanawake wote wanaolazwa katika wadi ya magonjwa hayo katika Hospitali ya New York wachukuliwe sampuli.

Matokeo yalijieleza. Saratani ambazo hakuna daktari aliyezishuku zilionekana juu ya vioo, zikiwemo zile zilizokuwa bado changa mno kuonekana kwa macho. Wawili hao walichapisha makala mnamo 1941 na kitabu mnamo 1943. Safari hii madaktari walisikia. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu Battle Creek.

Katikati ya kazi hiyo Papanicolaou alitoa pia zawadi nyingine ambayo haisemwi sana. Mnamo 1942 alichapisha utaratibu mpya wa kuzitia seli rangi. Viini hupakwa rangi ya samawati iliyokoza, na sehemu nyingine za seli huchukua kijani, waridi au rangi ya chungwa kulingana na ukomavu wake. Uzuri wake ni kwamba seli hubaki angavu, na hata zikilaliana, jicho huweza kuona ya juu na ya chini. Rangi hizo zinatumika maabarani hadi leo.

Naye daktari J. Ernest Ayre wa Kanada alirahisisha mambo zaidi mnamo 1947 alipoleta kijiti bapa cha mbao cha kukwangulia seli moja kwa moja kutoka kwenye mlango wa uzazi. Sasa kipimo kilihitaji kijiti, kioo, rangi na hadubini. Vyote hivyo vilikuwa rahisi kupatikana. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kusoma kioo.

Papanicolaou alilifahamu tatizo hilo kuliko yeyote. Kioo kimoja kinaweza kuwa na makumi ya maelfu ya seli, na zilizo mbaya huenda zikawa chache tu, zimejificha kama punje za mchanga kwenye gunia la mchele. Anayezitafuta lazima apitie kioo chote, kona hadi kona, kisha achukue kingine. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1940 alianzisha mafunzo Cornell, ambako madaktari na mafundi wa maabara kutoka nchi mbalimbali walikuja kujifunza.

Kwa wale wasioweza kufika, aliandaa kitabu kikubwa cha picha za seli, kilichotoka mnamo 1954. Michoro mingi ya kazi zake ilitoka mkononi mwa Hashime Murayama, msanii mzaliwa wa Japani aliyechora kila kiini na kila rangi kwa uangalifu mkubwa. Picha hizo zilikuwa mwalimu wa walio mbali. Mtu aliyeko bara jingine angeweza kulinganisha alichokiona kwenye kioo chake na mchoro wa Murayama, akapata jibu.

Papanicolaou alijulikana kwa kufanya kazi karibu kila siku ya wiki na kutojua likizo. Heshima zilimfikia, ikiwemo Tuzo ya Lasker mnamo 1950. Alipendekezwa zaidi ya mara moja kwa Tuzo ya Nobel lakini hakuipata. Heshima iliyo kubwa zaidi ilionekana katika takwimu: nchini Marekani, ambako saratani hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoua wanawake wengi zaidi, vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miongo iliyofuata kuenea kwa kipimo chake.

Akiwa bado hai, wahandisi walianza kuwaza kuhusu mashine ya kusoma vioo hivyo. Katika miaka ya 1950, kwa msaada wa fedha za utafiti wa saratani nchini Marekani, ilitengenezwa mashine iliyoitwa Cytoanalyzer. Ilipima ukubwa na giza la viini, ikilenga kuvitenga vioo salama ili binadamu watazame vile vya kutilia shaka tu.

Mashine hiyo ilishindwa. Uchafu, seli zilizolaliana na chembe za damu viliichanganya, ikapiga kengele ya hatari hata pasipo hatari. Ilidhihirika kwamba kile ambacho jicho la fundi aliyefunzwa hukifanya kwa sekunde chache hakikuwa suala la kupima ukubwa na giza pekee. Kulikuwa na ujuzi ndani ya jicho hilo ambao hata mwenyewe hakuweza kuueleza wote kwa maneno.

Mnamo Novemba 1961, akiwa na umri wa miaka 78, Papanicolaou aliondoka New York kwenda Miami kuongoza taasisi ya utafiti wa saratani. Hakupata muda wa kuijenga alivyotaka. Alifariki kwa maradhi ya moyo Februari 19, 1962, miezi mitatu tu baada ya kuwasili, na taasisi hiyo ikapewa jina lake. Mary aliendelea na kazi huko baada ya kifo cha mumewe. Alifariki mnamo 1982.

Baada ya kifo chake, mafanikio yenyewe yalizaa tatizo. Wanawake walijitokeza kwa mamilioni, vioo vikalundikana, na wasomaji wakachoka. Jicho lililochoka hukosea, na kosa hapa lina maana ya mwanamke kuambiwa yuko salama ilhali sivyo. Baada ya malalamiko kuenea nchini Marekani, sheria ilipitishwa mnamo 1988, na kanuni zake zikaweka kikomo: fundi mmoja asisome zaidi ya vioo 100 kwa siku.

Hapo ndipo tarakilishi iliporejea. Mnamo 1995, Marekani iliidhinisha mfumo uitwao PAPNET kutumika kukagua upya vioo vilivyokwisha kusomwa na binadamu. Mfumo huo haukutegemea vipimo vya ukubwa na giza pekee. Ulionyeshwa mifano mingi ya seli nzima na seli mbovu, ukajifunza kuzitofautisha. Kwa maneno mengine, ulifunzwa kwa njia iliyokaribia ile ya Papanicolaou mwenyewe: kuona, kulinganisha, na kuona tena.

Tangu hapo teknolojia imepiga hatua ndefu. Leo kioo kizima kinaweza kupigwa picha na skana kwa ukuzaji mkubwa, ikapatikana picha moja yenye nukta zaidi ya bilioni moja. Picha hiyo husafiri kwa mtandao, na mwanapatholojia aliye mbali huifungua kwenye tarakilishi yake, akaisogeza na kuikuza kama anayetumia hadubini. Mnamo 2017 Marekani iliruhusu kwa mara ya kwanza mfumo wa aina hiyo kutumika kutoa uamuzi wa msingi kuhusu sampuli za nyama zilizokatwa kutoka mwilini.

Taaluma hiyo sasa ina wanafunzi wake. Katika masomo ya uzamili na uzamifu, daktari hukaa dawati moja na mtaalamu wa tarakilishi. Mmoja anajua saratani inafananaje. Mwingine anajua namna ya kuifunza mashine. Daktari hujifunza kwamba mashine huiga makosa ya mwalimu wake. Mtaalamu wa tarakilishi naye hujifunza kwamba kila picha anayoichezea ni ya mtu anayesubiri jibu.

Mojawapo ya mifano ya elimu hiyo ilitokea hapa Kenya. Kati ya Septemba 2018 na Septemba 2019, wanawake 740 wanaoishi na virusi vya Ukimwi walichukuliwa sampuli katika Hospitali ya Kinondo Kwetu, kaunti ya Kwale. Vioo vyao vilitiwa rangi za Papanicolaou, vikapigwa picha kwa skana ndogo ya kubebeka iliyowekwa hapo hospitalini, na picha zikatumwa kupitia mtandao wa simu za mkononi hadi kwa mfumo wa akili unde.

Watafiti, wengi wao kutoka Finland na Sweden, walitumia vioo 350 kuufunza mfumo huo na vingine kuujaribu. Matokeo yaliyochapishwa mnamo 2021 yalionyesha kwamba hakuna kioo ambacho wataalamu walikiona kuwa na mabadiliko makubwa ya hatari ambacho mfumo ulikitangaza kuwa salama. Kwa mabadiliko madogo, mfumo ulikosea zaidi kwa kutia shaka palipo salama. Haukukusudiwa kuchukua nafasi ya mtaalamu. Kazi yake ni kumwonyesha atazame wapi kwanza.

Umuhimu wa jambo hilo unaeleweka ukiangalia hali ilivyo. Kwa makadirio ya 2020, zaidi ya wanawake 3,000 nchini Kenya hufariki kila mwaka kutokana na saratani ya mlango wa uzazi. Ulimwenguni, makadirio ya 2022 yaliweka vifo hivyo karibu 350,000, na zaidi ya tisa kati ya kila kumi vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kipimo kilichogunduliwa karne moja iliyopita bado hakijawafikia wanaokihitaji zaidi.

Chuo Kikuu cha Nairobi hutoa mafunzo ya uzamili kwa wanapatholojia na kwa wataalamu wa seli, lakini msomaji mmoja huchukua miaka mingi kuiva, na akishaiva, mara nyingi hubaki mjini. Mwanamke wa kijijini anaweza kutoa sampuli leo na kusubiri majibu kwa majuma. Baadhi hawarudi tena kuyachukua, kwa kukosa nauli au kwa kudhani kimya ni habari njema.

Ni kweli kwamba kipimo cha Pap hakiko peke yake tena. Mwanasayansi Harald zur Hausen wa Ujerumani alipata Tuzo ya Nobel mnamo 2008 kwa kugundua kwamba virusi vya papiloma ndivyo vinavyosababisha saratani hiyo. Chanjo ikapatikana, na Kenya iliizindua rasmi jijini Mombasa mnamo Oktoba 2019 kwa wasichana wa umri wa miaka 10. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha kutafuta virusi hivyo kiwe cha kwanza pale kinapopatikana.

Lakini chanjo ya msichana wa miaka 10 haimkingi mamake, na kipimo cha virusi husema tu kwamba hatari ipo, hakisemi kama seli zimeshaharibika. Bado kutahitajika mtu, au mtu na mashine yake, wa kutazama. Na kila mashine itakayotazama itakuwa imefunzwa kutoka kwa macho ya watu waliokaa mbele ya vioo kwa miaka.

Papanicolaou hakuwahi kuiona tarakilishi ikisoma picha ya seli. Huenda angeielewa upesi. Yeye mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa picha nyingi zilizojirudia, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwanamke aliyeshona vifungo dukani na kutoa sampuli kila siku bila kudai jina lake liandikwe popote. Wanawake 740 wa Kwale waliufanyia mfumo mpya wa akili unde jambo lilo hilo: walijitoa ili jicho lijifunze. Deni lililobaki ni kwa jicho hilo kuwafikia wao, na mabinti zao, kabla ya maumivu kuanza.